Joto la kiangazi: namna ya kulinda mbuzi, ng'ombe, nguruwe na kuku wetu

Saa moja ya asubuhi, mama anafunga mbuzi wake chini ya mwembe kando ya njia, kisha anaenda shambani. Kivuli ni kizuri, majani yako, kamba ni ya metre tatu. Saa saba ya mchana, jua limezunguka. Kivuli kimehamia upande mwingine wa mti na kamba haifiki kule. Maji hakuna. Watoto wanapotoka masomo wanamkuta mbuzi amelala, ulimi inje, anahema mbio mbio. Jioni amekufa.

Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema ni sumu. Mwingine anasema ni jirani, maana juzi waligombana juu ya mpaka wa shamba. Hakuna anayetazama ile kamba.

Habari ya namna hii tunaisikia karibu kila mwaka kutoka bonde la Ruzizi, kutoka Uvira na Fizi, na kando ya ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, zaidi katika mwezi wa nane na wa tisa, wakati kiangazi kinakaribia kwisha na mvua haijarudi. Kwa jamaa nyingi mbuzi ao nguruwe ndiyo benki. Ni pesa ya masomo ya watoto, ni pesa ya hospitali, ni sehemu ya mahari. Akifa bure, mwaka wote unaharibika. Na kama jirani amesingiziwa, ujirani nao unaharibika.

Katika habari hii tunaeleza joto linamfanya nini mnyama, namna ya kulitambua mapema, na mambo ya kufanya yasiyoomba pesa nyingi. Neno kubwa la kushika ni moja: mnyama aliye huru anajitafutia kivuli na maji yeye mwenyewe. Ukimfunga kamba, ukimfungia ndani ya kibanda, ao ukimpandisha juu ya moto, umemnyima miguu yake. Tangu saa ile, wewe ndiye miguu yake.

Joto linamfanya nini mnyama

Mwili wa mnyama unatengeneza joto kila wakati, hata akilala. Chakula kinaposagika tumboni, joto linatoka. Akitembea, joto linatoka. Joto hilo linapashwa kupata njia ya kutoka inje. Kama hewa ni baridi, linatoka peke yake kupitia ngozi. Lakini kama hewa inakaribia kuwa na moto sawa na mwili, njia hiyo inafungwa. Inabaki njia moja tu: maji kukauka juu ya mwili ao ndani ya pumzi.

Hapo ndipo wanyama wanatofautiana. Mtu na farasi wanatoa jasho jingi, na jasho likikauka linapoza mwili. Ng'ombe anatoa jasho pia, lakini si kwa wingi sawa na farasi, kwa hiyo anasaidia kwa kuhema. Mbuzi na kondoo wanategemea zaidi kuhema. Nguruwe karibu hana jasho kabisa, ndiyo maana anatafuta matope. Kuku hana jasho hata kidogo: anafungua mdomo, anahema na kutandaza mabawa. Sungura naye hana jasho la kumsaidia. Joto lake linatokea zaidi kwenye yale masikio makubwa.

Kuhema sana kunamaliza maji ya mwili. Mnyama asipopata maji ya kurudisha, damu inakuwa nzito, moyo unachoka, na joto la ndani linaanza kupanda. Joto la kawaida la mbuzi ni kati ya digrii 38,5 na 39,7. Ng'ombe ni karibu 38 mpaka 39,3. Nguruwe ni karibu 39. Kuku yuko juu zaidi, 41 mpaka 42. Mbuzi, ng'ombe ao nguruwe akipita digrii 41 na akibaki pale, ubongo na viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Ndiyo sababu mnyama anaweza kuwa mzima asubuhi na kufa jioni, bila sumu na bila mkono wa mtu.

Kabla ya kifo kuna hasara ingine ambayo hatuioni haraka. Ng'ombe anapunguza maziwa. Kuku anapunguza mayai, na mayai yenyewe yanakuwa na ganda laini. Mbuzi mwenye mimba anaweza kutoa mimba. Dume la nguruwe ao la sungura lililopata joto kali linaweza kukaa wiki kadhaa linapanda majike bila kuzalisha. Mfugaji anasema dume limekuwa bovu na analiuza kwa nyama, kumbe lilikuwa linangoja tu kupona.

Mnyama anayetoka juu na mnyama wa bonde

Bukavu iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Uvira, Baraka na Kalemie ziko karibu na maji ya Tanganyika, kwenye metre 770 hivi. Kwa kawaida kila metre 100 unazoshuka, joto linapanda zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hiyo siku ileile, Uvira inaweza kuwa na digrii 4 ao 5 zaidi ya Bukavu. Ukitoka Minembwe ao kwenye vilima vya Masisi, tofauti ni kubwa zaidi.

Mfanyabiashara ananunua nguruwe Kabare ao Walungu asubuhi, na mchana nguruwe yuko Kamanyola ao Sange. Mnyama huyo amebadilisha inchi kwa saa chache. Mwili wake unaomba wiki mbili ao tatu kuzoea. Siku za kwanza ndizo za hatari. Mpe kivuli cha kutosha, maji mengi, usimlishe kwa nguvu, na usimpandishe wala kumtembeza mbali.

Aina ya mnyama inahesabika pia. Ng'ombe wa kienyeji, na wale wa pembe ndefu wa aina ya Ankole, wanavumilia jua. Ng'ombe wa maziwa mwenye damu ya Frisone, sawa wale wa Masisi, anatengeneza joto jingi ndani ya mwili juu ya chakula kingi na maziwa mengi. Kule kwenye baridi anafanya vizuri. Kwenye bonde la Ruzizi, bila kivuli, anateseka. Kabla ya kununua ng'ombe juu ya maziwa yake tu, jiulize utamuweka fasi gani saa saba ya mchana.

Alama za kuangalia

Mnyama hasemi, lakini anaonyesha. Ya kwanza ni pumzi. Simama karibu naye bila kumtisha, tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Ng'ombe aliyetulia anahema kati ya mara 20 na 40 kwa dakika. Akifika 80, joto linamsumbua. Akipita 120 na mdomo uko wazi, ni hatari. Kwa mbuzi, pumzi ya kawaida ni mara 15 mpaka 30. Mazoezi mazuri ni kuhesabu siku moja asubuhi akiwa mzima, ili ujue pumzi yake ya kawaida ni ngapi.

Alama zingine zinafuatana hivi:

Mwanzo: anaacha kula, anasimama bila kulala, anatafuta kivuli ao anajificha nyuma ya wenzake. Ng'ombe wanasongamana pamoja. Kuku wanatandaza mabawa. Sungura anajinyoosha kabisa chini.

Katikati: mdomo wazi, mate mengi, ulimi inje, macho mekundu. Nguruwe mweupe anakuwa mwekundu kwenye ngozi.

Mwisho: anayumba, anaanguka, hawezi kusimama, mate yanakauka, anatetemeka ao miguu inapiga piga. Hapo zimebaki dakika, si saa.

Kivuli

Kivuli ndicho dawa ya kwanza, na mara nyingi ni cha bure. Kivuli cha mti kinashinda kivuli cha mabati, kwa sababu majani yenyewe yanatoa unyevu na hewa inapita chini yake. Mwembe, avoka, gravilea, vyote vinafaa.

Shida ni kwamba kivuli kinatembea. Asubuhi kiko upande wa mangaribi ya mti, jioni kiko upande wa mashariki. Kama unafunga mnyama kamba, kuna njia tatu. Ya kwanza, funga kamba karibu na shina lenyewe la mti, si kwenye kijiti mbali, na iwe ndefu ya kutosha mnyama azunguke pande zote. Angalia tu isijizungushe kwenye shina mpaka ikawa fupi. Ya pili, patana na mtoto ao jirani amhamishe saa tano na saa nane. Ya tatu, mfungue saa za asubuhi na jioni tu, na mchana awe ndani ya kibanda chenye hewa.

Kibanda cha mabati, yale tunayaita manjanja, kinaweza kugeuka kuwa furu. Jua likipiga mabati, moto unashukia mgongo wa mnyama. Ukiwa na mabati tayari, usiyatupe. Tandika juu yake majani makavu, nyasi ao majani ya ngazi, uyafunge vizuri upepo usiyabebe. Inua paa lisiwe chini ya metre mbili. Kuta zisifungwe mpaka juu: acha nafasi kubwa hewa ipite kati ya ukuta na paa. Watu wengi wanafunga banda lote juu ya kuogopa wezi, na hofu hiyo tunaielewa. Lakini unaweza kuzuia mwizi kwa miti iliyosimama karibu karibu, na hewa ikaendelea kupita.

Na usisongamanishe. Nguruwe watano katika kibanda cha wawili wanapashana moto wao kwa wao.

Maji

Watu wengi wanafikiri mbuzi hana lazima na maji kwa sababu anakula majani. Katika mvua, majani ni mabichi, ni kweli anakunywa kidogo. Katika kiangazi majani yamekauka. Kwa siku ya joto, hesabu hivi:

Mbuzi mkubwa: litre 4 mpaka 8, anayenyonyesha anapita hapo.
Ng'ombe wa kienyeji: litre 30 mpaka 50, anayekamuliwa anazidisha.
Nguruwe wa kunona: litre 5 mpaka 10. Nguruwe anayenyonyesha anaweza kufika 20 na zaidi.
Kuku kumi: litre 3 mpaka 5.
Sungura mmoja: robo mpaka nusu litre.

Kwa hesabu hiyo, bidon moja ya litre 20 inatosha mbuzi watatu. Tunajua ni nani anabeba bidon hiyo: ni mama na watoto, wakati mwingine kutoka mbali. Kwa hiyo maji yasipotee. Weka chombo kizito kisichopinduka, kwa mfano sufuria ya zamani ndani ya pneu iliyokatwa. Kiweke kivulini, maana maji yakipata moto wa jua mnyama anayaacha. Yabadilishe kila siku. Gawa mara tatu: asubuhi, mchana na jioni. Mnyama aliyekaa siku nzima bila maji usimuachilie kwenye ndoo kubwa kwa pamoja. Mpe kidogo, ngoja, mpe tena.

Maji yaliyosafisha mboga yanaweza kumwagwa kwenye matope ya nguruwe. Maji yenye sabuni ao javeli hapana. Na hili ni la kushika sana: maji yaliyolowekwa muhogo ni sumu. Muhogo mchungu unaacha sumu yake ndani ya maji yale, na mbuzi mwenye kiu hachagui. Kila kiangazi wanyama wanaweza kufa hivyo. Funika vyombo ao mashimo ya kulowekea muhogo, na ukiyamwaga maji, yamwage fasi mnyama hafiki.

Wale wanaonyweshea mtoni, kumbukeni kwamba Ruzizi iko na mamba na viboko. Usimtume mtoto peke yake na ng'ombe kwenye maji asubuhi mapema ao jioni. Tena, wanyama wasinywe kwenye chanzo ambacho watu wanachota. Tunaishi katika eneo la kolera, na maji yaliyochafuka yanamaliza watu mbele ya wanyama. Chimbeni mfereji ao wekeni mbao iliyochongwa, maji yafike pembeni, mbali na fasi ya kuchota.

Chakula na saa za kazi

Chakula kinapasha mwili moto saa chache kisha kuliwa, zaidi kwa ng'ombe na mbuzi ambao tumbo lao linachachusha majani. Ukimlisha mnyama sana saa tano, moto wa tumbo unakutana na moto wa jua saa nane. Lisha asubuhi mapema, kabla ya saa mbili, na tena jioni kisha saa kumi na moja. Majani makavu na magumu yanaleta moto zaidi kuliko majani mabichi. Kama uko na tripsacum, setaria ao majani ya tembo, yakate jioni na uyaweke kivulini, ndiyo yatakuwa chakula cha kesho. Weka na chumvi ya kulamba, maana anayehema na kutoa jasho anapoteza chumvi.

Kazi zote za kumchosha mnyama zifanywe wakati wa baridi: chanjo, kuhasi, kunyunyiza dawa ya kupe, kumpandisha. Anayefukuza kuku saa sita ya mchana ili amkamate wa kupika, anaweza kupoteza watatu akitafuta mmoja.

Kila mnyama na shida yake

Nguruwe. Huyu ndiye wa kulinda kwanza. Mchimbie shimo la matope kivulini, lisiwe refu, la kumtosha alale. Matope yanakaa juu ya ngozi na yanakauka polepole, kwa hiyo yanapoza kwa muda mrefu kuliko maji safi. Yanamkinga pia na jua, zaidi nguruwe mweupe ambaye ngozi yake inaungua. Kama hana shimo, lowanisha sakafu na umwagie maji mgongoni mara mbili ao tatu mchana. Mama anayekaribia kuzaa asikose kivuli hata saa moja, maana huyo ndiye anayekufa haraka.

Kuku. Waweke wachache katika kibanda kimoja, ongeza vyombo vya maji, ondoa chakula saa za mchana na ukirudishe jioni. Wale wanaofuga kuku wa nyama walioletwa wakiwa vifaranga wajue kwamba kuku anayekaribia kuuzwa, mzito, ndiye dhaifu zaidi mbele ya joto. Hasara inakuja siku ya mwisho.

Sungura na dende. Wanafungwa katika masanduku madogo, mara nyingi kando ya ukuta unaopigwa na jua la jioni. Joto likipita digrii 30, sungura yuko katika hatari. Hamisha sanduku kivulini, weka gunia lililolowana juu yake, acha hewa ipite. Lowanisha masikio ya sungura kwa vidole, usimtumbukize ndani ya maji. Dende, yaani kobaye, naye havumilii jua. Wale wanaomfuga jikoni wamuweke mbali na moto.

Ng'ombe. Wachungaji wa zamani wanajua: kutoka na kundi alfajiri, kupumzika chini ya miti kuanzia saa tano mpaka saa tisa, kisha kuchunga tena mpaka giza. Leo usalama mdogo unawalazimisha wengi kutoka saa tatu na kurudi saa kumi. Maana yake ng'ombe anatembea katika saa mbaya zote. Kama haiwezekani kubadilisha saa, patana na wenye mashamba na na shefu juu ya fasi ya kupumzikia yenye miti karibu na malisho. Kiangazi ni wakati makundi yanashuka kutoka milima kwenda Fizi kutafuta majani na maji, na ugomvi juu ya maji umekwisha kuua watu. Mapatano ya mbele ya kiangazi yanalinda ng'ombe, yanalinda na mashamba.

Mbuzi na kondoo. Wao wanavumilia kuliko wengine, na ndiyo sababu tunawasahau. Mbuzi huru haanguki kirahisi. Anayeanguka ni yule wa kamba.

Njiani kwenda soko

Wanyama wengi wanaokufa kwa joto wanakufa barabarani. Kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola, Luvungi, Sange, Kiliba na Uvira, kila siku ya soko tunaona mbuzi amefungwa miguu na kulazwa nyuma ya moto, kichwa chini, ubavu karibu na bomba la moshi. Tunaona nguruwe ndani ya gunia. Mnyama aliyelazwa hivyo hawezi kuvuta pumzi vizuri, na pumzi ndiyo njia yake ya kupoa.

Kama hakuna njia ingine isipokuwa moto, fanya haya. Ondoka kabla ya saa mbili ao kisha saa kumi. Mweke mnyama ndani ya kikapu ao sanduku la mbao lenye nafasi, akae juu ya kifua chake, kichwa juu. Usimfunge mdomo, zaidi nguruwe: mdomo uliofungwa hauhemi. Lowanisha mwili wake kabla ya kuondoka. Nguruwe asilishwe tumbo lote saa chache mbele ya safari, lakini maji apewe.

Kwa gari, usijaze mpaka wasimame bila kugeuka. Gari ikitembea, upepo unawapoza. Ikisimama, wanaanza kuiva. Ukisimamishwa kwenye kizuizi ao ukipasuka pneu, tafuta kivuli kwanza, wamwagie maji, na kama inakawia, washushe. Beba bidon moja ya maji yao, mbali na yako. Kwa boti ya ziwani, usikubali wanyama wawekwe chini kabisa fasi hakuna hewa, karibu na injini.

Mnunuzi naye ana faida. Mnyama aliyefika amechoka kwa joto anapoteza kilo, na nyama yake ikichinjwa papo hapo haikai vizuri. Mpumzishe usiku mmoja kivulini kabla ya kumchinja.

Ameanguka: fanya nini

Kwanza, mtoe juani. Kama hawezi kutembea, mvute juu ya mfuko ao mletee kivuli: shuka, tenti, majani ya migomba. Usimlazimishe kusimama.

Pili, mwagie maji. Kwa ng'ombe na mbuzi mwaga juu ya mwili wote, kichwa, shingo, tumbo na miguu, na uendelee bila kuacha. Mbuzi mwenye manyoya mengi, fungua manyoya maji yafike kwenye ngozi. Kwa nguruwe anza na ardhi inayomzunguka, miguu na tumbo, kisha upande polepole. Usimpige kwa maji ya barafu mara moja. Kuku mtumbukize miguu na sehemu ya chini ya mwili ndani ya maji ya kawaida.

Tatu, mpepee. Maji bila hewa yanapoza kidogo. Maji pamoja na upepo yanapoza sana. Karatoni ao kitambaa kinatosha.

Ine, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo kama anaweza kumeza yeye mwenyewe. Usimimine maji kwa nguvu mdomoni mwa mnyama aliyelala: yataingia mapafuni na yatamuua.

Tano, kama uko na kipima joto, pima nyuma. Kipima joto cha farmasi kinafaa, lakini kikiingia kwa mnyama kisirudi kwa mtoto. Ukiona ameshuka mpaka digrii 39,5 na pumzi imetulia, acha kumwagia. Muangalie mpaka asubuhi, na umwite veterinere kama hali au kama anayumba.

Joto ao ugonjwa?

Hili ni swali la maana, kwa sababu magonjwa makali yanafanana na joto. Njia rahisi ni saa. Mnyama wa joto anasumbuka kati ya saa sita na saa kumi, na akipewa kivuli na maji anapata nafuu usiku. Mnyama wa ugonjwa anaamka na homa saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati hewa ni baridi.

Nguruwe mwenye peste ya Afrika ana homa usiku na mchana, masikio na tumbo vinakuwa na madoa mekundu ao ya bluu, na wengine wanafuata. Haina dawa ya kuponya. Usikimbilie kuuza ao kuhamisha, ndivyo inavyofika kwa jirani. Kuku wa Newcastle anahema mdomo wazi pia, lakini anaharisha kijani, shingo inapinda, na wanakufa wengi hata asubuhi. Chanjo yake iko, na ni ya kufanya mbele ya kiangazi. Mbuzi mwenye kamasi nzito, vidonda mdomoni na kuharisha, hiyo si joto. Ng'ombe mwenye uvimbe chini ya sikio na kukohoa, fikiria kupe.

Na mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi inatoka puani ao nyuma, usimpasue, usimle, usimguse kwa mikono. Inaweza kuwa kimeta, sharbo, na inaua watu. Mjulishe veterinere wa sekta ao ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji.

Kwa kumbuka

Kabla ya kutoka asubuhi, jiulize mambo matatu: saa saba ya mchana kivuli kitakuwa wapi? Maji yatakuwa yamebaki? Nani atamtazama?

Kama mnyama amekufa pamoja na hayo, kabla ya kutaja jina la jirani, rudi fasi alipofungwa. Tazama kamba ilifika wapi, tazama kivuli kilikuwa wapi, tazama chombo cha maji. Uliza alikula nini na alitembea wapi. Mara nyingi jibu liko pale chini, na halina jina la mtu.